Mafuta ya asili usoni: yapi yanasaidia chunusi na yapi yanaziongeza

*Swali: Nina miaka 23, naishi Tanga. Chunusi zilinianza nikiwa sekondari. Miezi miwili iliyopita niliacha krimu zote nikaanza mafuta ya nazi tunayokamua nyumbani; napaka usiku nalala nayo. Wiki ya kwanza uso ulilainika na chunusi zikakauka. Sasa paji la uso limejaa vipele vidogo vinavyowasha, na mashavuni zimerudi zile kubwa. Rafiki akanishauri mafuta ya mti wa chai, nikawa natonesha moja kwa moja juu ya chunusi. Pakaungua, pakabambuka, na sasa pana madoa meusi. Anayeniuzia ana mchanganyiko mwingine wa mwarobaini, karafuu na ndimu, ananiambia nivumilie maana ngozi lazima itoe uchafu kwanza. Mama naye anasema zitaisha nikiolewa. Je, niendelee? Mafuta gani ya asili yanaifaa ngozi yangu?*

Dada yangu, pole kwa maumivu na kwa hayo madoa. Jibu fupi ni kwamba usiendelee. Acha mafuta ya nazi usoni kuanzia leo, na huo mchanganyiko mpya usiufungue kabisa. Kati ya mafuta yote uliyoyataja, ni ya mti wa chai tu ambayo yamepimwa kwa watu wenye chunusi yakaonyesha nafuu ya kueleweka, nayo yalikuwa yamezimuliwa sana, kwa chunusi nyepesi hadi za wastani, na kwa wiki nyingi. Ulivyoyatumia wewe ni makali mara 20 ya kipimo hicho.

Ili uelewe kwa nini, tuone chunusi inavyoanza. Kila unywele wa usoni, hata ule usioonekana, umeota ndani ya kijitundu, na ubavuni mwa kijitundu hicho kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Kuanzia balehe homoni huzichochea tezi hizo zitoe mafuta mengi zaidi. Kwa mtu mwenye asili ya chunusi, chembe za ngozi zinazozunguka mdomo wa kijitundu nazo hazibanduki vizuri. Hushikana na mafuta zikafanya kizibo. Nyuma ya kizibo mafuta hujikusanya, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye kwa kawaida anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hustawi humo kwa kula mafuta hayo. Mwili hujibu kwa uvimbe, wekundu na usaha. Tangu kizibo kianze hadi uone kipele kwenye kioo huweza kupita wiki 8 hivi.

Hizo wiki 8 ndizo zinazowapoteza wengi. Chunusi moja ikiachwa bila kuminywa hunywea yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Ukianza mafuta mapya leo, chunusi za leo zitanywea hata kama usingepaka kitu, na kwa kuwa ngozi imelainika na inang'aa, mafuta ndiyo yanayopewa sifa. Vizibo vipya vilivyoanzishwa na mafuta hayohayo bado viko chini havionekani. Vinakuja kutokeza mwezi wa pili, na hapo mtu anatafuta sababu nyingine: chakula, hedhi, vumbi. Wewe umepita njia hiyohiyo, na tarehe ulizonitajia zinalingana nayo kabisa.

Sasa hilo la "kutoa uchafu kwanza". Zipo dawa ambazo wiki za mwanzo huongeza chunusi kwa muda, hasa zile za jamii ya vitamini A kama adapalini, kwa sababu zinaharakisha kubanduka kwa chembe za ngozi, na vizibo vilivyokuwa njiani vinatoka mapema. Mafuta ya kukamua hayafanyi kazi hiyo. Mtu akipaka mafuta halafu akapata vipele vingi zaidi, au ngozi ikawasha, ikaungua na kubambuka, mafuta hayo yanamdhuru, na kuvumilia kunaongeza madoa tu. Chunusi haitokani na damu chafu wala na kutonawa. Hata vile vijidoa vyeusi vya puani si vumbi: ni kizibo ambacho mdomo wake uko wazi, na weusi wake ni wa rangi ya ngozi yenyewe na mafuta yaliyokutana na hewa. Na kuhusu ndoa, mwambie mama kwa upole kwamba ndoa haigusi tezi hizi. Wengi hupungukiwa na chunusi katika miaka ya ishirini kwa sababu ya umri, nao huo ndio umri wa kuolewa, kwa hiyo mambo mawili yanakutana. Wapo wanawake wengi wenye chunusi mpaka miaka ya thelathini na zaidi, walioolewa na wasioolewa.

Turudi kwenye nazi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, na ni kweli kwamba maabara asidi hiyo huua bakteria wa chunusi. Hapo ndipo sifa zake nyingi zinapotoka. Lakini ndani ya chupa ya nazi asidi hiyo imefungwa ndani ya mafuta, haiko huru kama ile inayotumiwa maabara, na usoni unapaka tabaka zito linalokaa juu ya mdomo wa kijitundu usiku kucha, kwa mtu ambaye tayari vitundu vyake vinaziba kwa urahisi. Kwenye zile orodha zinazosambazwa mtandaoni za mafuta yanayoziba ngozi, nazi hupewa alama 4 kati ya 5. Usizichukulie kama sheria, maana alama nyingi za namna hiyo zilitokana na majaribio ya miaka ya 1970 na 1980 ndani ya masikio ya sungura, na ngozi yetu si ile. Ndiyo maana dada yako anaweza kupaka nazi maisha yake yote uso ukabaki safi. Wewe umeshafanya jaribio kwenye ngozi yako mwenyewe na umepata jibu.

Hivyo vipele vya paji la uso vinanipa shaka ya pili. Chunusi za kawaida huchanganyika: kubwa na ndogo, zenye usaha na zisizo nao, na huuma kuliko kuwasha. Vipele vidogo vinavyolingana ukubwa, vinavyowasha, vilivyojipanga kwenye paji la uso, kifuani au mgongoni, mara nyingi ni vya fangasi aitwaye Malassezia aliyeingia kwenye vitundu vya nywele. Naye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hupenda joto na jasho, na pwani yetu haina upungufu wa vyote viwili. Fangasi huyu hawezi kujitengenezea mafuta anayohitaji, anayachukua kwenye ngozi, na asidi ya lauriki ya nazi ni miongoni mwa anayoweza kuyatumia. Mafuta ya zeituni vilevile. Vipele hivi haviponi kwa dawa ya chunusi, na vidonge vya antibayotiki huweza kuvizidisha. Vinatibiwa kwa dawa ya fangasi ya kupaka au kuoshea, kwa kawaida yenye ketokonazoli, lakini kwanza daktari avione kwa macho athibitishe.

Angalia pia nywele zako. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza aina ya chunusi inayokaa kwenye paji la uso na pembeni mwa macho kwa watu weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito ya nywele. Tunaiona mpaka leo. Ukipaka mafuta kichwani ukasuka, ukafunga mtandio, ukalala, mafuta yale yanateremka usoni na kuingia kwenye foronya. Paka katikati ya mistari na kwenye ncha za nywele, acha upana wa vidole viwili kutoka kwenye paji la uso, na kitambaa kinachogusa paji la uso ukifue kila baada ya siku mbili.

Kabla ya kuja kwenye mti wa chai, tenganisha aina mbili za vitu ambavyo sokoni vyote huitwa mafuta. Nazi, alizeti, ufuta, ubuyu, nyonyo, zeituni, mwarobaini na habasoda hukamuliwa kwenye mbegu au tunda: ni mazito, na ukidondosha tone kwenye karatasi linaacha doa lisilokauka. Mti wa chai, karafuu na mchaichai hupatikana kwa mvuke: majani au vikonyo huchemshwa, mvuke unapozwa, na mafuta yanakusanywa juu ya maji, kama kinavyofanya kiwanda cha makonyo kule Pemba. Haya ni mepesi, yana harufu kali na hupotea hewani. Magunia ya majani huishia kwenye vichupa vichache, kwa hiyo tone moja ni kemikali kali sana, na asili yake ya mmea haipunguzi ukali huo hata kidogo. Ya kukamua kwa kawaida huharibu kwa kuziba. Ya mvuke huharibu kwa kuunguza na kuleta mzio.

Mafuta ya mti wa chai hutoka kwa mti wa Australia, Melaleuca alternifolia, usio na undugu na chai ya Lushoto. Jina hilo la kitaalamu linatakiwa lionekane kwenye kichupa. Mwaka 1990 huko Australia watu 124 wenye chunusi nyepesi hadi za wastani waligawanywa, wengine wakapaka jeli yenye asilimia 5 ya mafuta haya, wengine benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya dukani, ya asilimia 5. Makundi yote yalipata nafuu. Mti wa chai ulichelewa zaidi, ila ulikausha na kuchoma ngozi kidogo kuliko mwenzake. Mwaka 2007 nchini Iran watu 60 walijaribiwa kwa siku 45, na jeli ya asilimia 5 ikaishinda jeli tupu isiyo na mafuta hayo. Tafiti hizi ni ndogo, lakini zinaelekea upande mmoja. Zote mbili zilitumia jeli nyepesi, si mafuta juu ya mafuta, na wala hazikutumia yale makali ya kwenye kichupa. Kwa hiyo ukipata jeli iliyotengenezwa tayari, iliyoandikwa asilimia 5, hiyo ndiyo bora kuliko mchanganyiko wowote wa jikoni.

Ukikosa, na bado unataka kujaribu, subiri kwanza ngozi iliyoungua ipone kabisa. Kisha fanya hivi. Matone 20 ya kichupa cha kawaida ni takriban mililita 1, na kijiko kidogo cha chai kilichopimwa ni mililita 5. Matone 5 ndani ya kijiko kimoja ni kama asilimia 5. Wewe anza na matone 2, yaani asilimia 2. Zimulia kwenye mafuta ya alizeti, ambayo ni mepesi na yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ile ambayo mafuta ya ngozi yenye chunusi huwa na upungufu wake. Usizimulie kwenye maji wala maji ya waridi: mafuta huelea juu, na siku ukimimina unapata tone kali tupu. Shubiri ya kukwangua jikoni ina shida hiyohiyo, tena huoza ndani ya siku chache.

Halafu jaribu kwanza kwenye mkono, upande wa ndani karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7, mahali palepale. Wengi hujaribu saa 24 tu wakaridhika, na mzio wa ngozi mara nyingi huchelewa siku mbili hadi nne. Pakibaki salama, paka usoni juu ya chunusi tu kwa pamba, usiku, mara moja, mbali na macho na midomo. Wiki mbili zikipita bila kuwashwa unaweza kufika matone 5. Upime matokeo baada ya wiki 6 hadi 8, usitegemee siku tatu. Kichupa kiwe cha kioo cheusi, kifungwe vizuri, kikae pasipo joto, na kitupwe kikifikisha mwaka tangu kifunguliwe: hewa na mwanga huyageuza mafuta haya, na yaliyogeuka ndiyo huleta mzio zaidi. Yasinywewe kamwe, na watoto wasiyafikie. Mama mjamzito ayaache.

Ule mchanganyiko wa mwarobaini, karafuu na ndimu ndio unaonitia hofu kuliko yote. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, dawa ya ganzi ya madaktari wa meno, na kwenye ngozi hayatakiwi kuzidi nusu asilimia, sawa na tone moja ndani ya vijiko viwili vya chai. Muuzaji wa mtaani hapimi hivyo. Ndimu ina asidi kali, na zaidi ya hapo ina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi: siku moja au mbili baadaye malengelenge, halafu weusi unaokaa wiki au miezi. Mwarobaini hupunguza bakteria kwenye maabara, lakini hakuna jaribio kubwa kwa watu wenye chunusi la kutosha kuutegemea. Mafuta yake wala usiyaweke karibu na watoto, kwani waliomeza wamepata kutapika na degedege. Habasoda imefanyiwa majaribio madogo ya jeli yenye matumaini, ila zipo taarifa za watu walioungua vibaya kwa kupaka mafuta yake bila kuzimua. Zeituni na nyonyo niyapite tu: hayana kazi kwenye uso wa chunusi.

Sasa hatua zako. Kwa wiki mbili acha kila kitu. Nawa asubuhi na usiku kwa maji ya kawaida na sabuni laini ya uso isiyo na manukato, kwa vidole, bila dodoki wala chumvi. Sabuni ya mche iachie nguo. Pale palipobambuka paka vaselini safi isiyo na manukato, tabaka jembamba tu, mpaka papone. Ajabu ni kwamba vaselini, pamoja na uzito wake, haizibi vitundu kama wengi wanavyodhani, ila usiipake uso mzima. Mchana kinga jua kwa mwavuli au mtandio, na ukiweza losheni ya jua isiyo ya mafuta, kipimo cha SPF 30 na kuendelea. Madoa meusi kwenye ngozi yetu hukaa miezi, na jua ndilo linaloyarefushia maisha. Usiminye chochote.

Wiki ya tatu anza dawa moja ya chunusi. Duka la dawa lenye mfamasia watakuuzia jeli ya benzoili peroksaidi. Chukua ya asilimia 2.5 au 5, kwa kuwa ya 10 huchoma zaidi bila faida ya maana. Anza usiku mmoja, ruka mmoja. Inachujusha rangi ya kanga, mitandio na foronya, kwa hiyo lalia foronya nyeupe. Kama tatizo kubwa ni vizibo vidogo vingi, adapalini ya asilimia 0.1 inafaa zaidi: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si juu ya kipele tu, usiku tatu kwa wiki, juu ya ngozi iliyokauka vizuri. Wiki nne za mwanzo utakauka na huenda chunusi zikaongezeka kidogo, na huko ndiko kuvumilia kunakoeleweka. Matokeo ni baada ya wiki 8 hadi 12. Ukiwa mjamzito au unatarajia kupata mimba, usiguse adapalini. Uliza asidi ya azelaiki, ambayo ni salama katika ujauzito na husaidia pia madoa.

Umesema uliacha "krimu zote" bila kuzitaja. Kama ndani yake ilikuwamo krimu ya mrija yenye dawa kali za steroidi kama betamethasoni au klobetasoli, au mkorogo wa kung'arisha, mwambie daktari waziwazi. Krimu hizo zikitumiwa muda mrefu huleta chunusi za aina yake, na ukiziacha ghafla uso hulipuka. Hakuna wa kukuhukumu. Bila kujua hilo, matibabu yote yatakwenda upande.

Nenda hospitali usisubiri wiki 12 kama chunusi ziko ndani na ni ngumu kama mbegu, kama zinaacha mashimo au makovu yanayovimba, hasa taya na kifua kwa mwenye ukoo wa makovu hayo, kama hedhi inaruka miezi na nywele zinaota kidevuni, au kama zinakunyima raha kiasi cha kujificha. Zikija na homa na maumivu ya viungo, nenda siku hiyohiyo. Huna haja ya kusafiri mpaka Muhimbili: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, kwa hiyo ulizia kliniki ya ngozi katika hospitali ya mkoa. Beba vichupa vyote ulivyopaka, na mafuta ya nywele pia, na uso usipake kitu asubuhi hiyo. Mafuta ya nazi yaliyobaki yapake miguuni na viwikoni.